Mwalimu wa mwanao: wa kudumu au wa mkataba?

Mfanyabiashara anayefika Ntinda kutoka Busia au Malaba kumtafutia mwanawe chuo huuliza mambo matatu: karo ni kiasi gani, hosteli iko wapi, masomo ni ya miaka mingapi. Swali la nne huulizwa na wachache, ingawa linagusa fedha zake moja kwa moja: atakayemfundisha huyu kijana ameajiriwa vipi?

Kutoka Ntinda, bodaboda haichukui muda kufika Chuo Kikuu cha Kyambogo, chuo cha umma kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha ualimu na taasisi ya elimu maalumu. Huko huko Kyambogo ndiko iliko ofisi ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, linalosimamia viwango vya vyuo nchini Uganda.

Kazi hupatikanaje

Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inaipa bodi ya uajiri ya kila chuo kikuu cha umma kazi ya kuajiri, kuthibitisha, kupandisha vyeo na kuadhibu. Mhadhiri mpya wa ajira ya kudumu huanza kwa majaribio. Akiridhisha, huthibitishwa, na tangu hapo kazi ni yake hadi atakapostaafu akiwa na miaka 60.

Cheo ni jambo jingine. Kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa kuna ngazi kadhaa, na mtu hapandi kwa kukaa muda mrefu tu, bali kwa shahada, utafiti uliochapishwa na wanafunzi aliowasimamia.

Marekani mambo ni tofauti. Kwa kanuni zilizokubaliwa huko mwaka 1940, majaribio hayapaswi kuzidi miaka 7. Muda ukiisha, mwalimu hupewa nafasi ya kudumu au huaga. Uganda, mtu anaweza kuthibitishwa mapema, kisha akabaki kwenye cheo kile kile kwa muda mrefu.

Aliyethibitishwa hafukuzwi kwa neno la mkubwa mmoja. Hupewa shutuma zake, hujitetea, na asiporidhika na uamuzi wa bodi hukata rufaa kwenye jopo la rufaa la wafanyakazi.

Kinga hii ina maana gani

Uganda inajua gharama ya kukosa ulinzi. Mwaka 1972, enzi za Idi Amin, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, alikamatwa na hakuonekana tena. Novemba 1990, wasomi wa Afrika walikutana Kampala na kutoa Azimio la Kampala. Walitaka mwalimu aliyethibitishwa asiondolewe kazini ila kwa utovu mkubwa wa nidhamu, au kwa uzembe na udhaifu wa kazi uliothibitishwa.

Wafanyabiashara wanalielewa hili. Mwenye duka lake anaweza kumkatalia mkubwa anayetaka kuchukua mali bila kulipa. Mchuuzi wa kando ya barabara hana ubavu huo. Mhadhiri naye, akiombwa aongeze alama za mtoto wa tajiri, hukataa kwa urahisi zaidi kama kazi yake haitegemei hisani ya aliyemwomba. Cheti cha mtoto wa mwenye kioski hulinda thamani yake hapo.

Ni kweli kwamba kinga hiyo hiyo humfunika pia mzembe anayekosa vipindi. Wala haizuii mgomo: Novemba 2016 Rais Museveni aliamuru Makerere ifungwe wahadhiri walipogoma wakidai malipo, ikafunguliwa Januari 2017.

Mkataba ukiisha

Wa mkataba yuko pembeni ya ulinzi huu. Mwaka 2018 jopo la rufaa la Makerere liliamua mtafiti Stella Nyanzi arudishwe kazini. Chuo kilijibu kwamba mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alishinda rufaa, lakini hakurudi.

Chini yake yuko mhadhiri wa muda, anayelipwa kwa vipindi na kukimbia kutoka chuo kimoja hadi kingine. Huenda akawa mwalimu hodari, lakini akipata kazi kwingine mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hubaki na utafiti usio na msimamizi. Muhula ukiongezeka, anayelipa chumba na chakula ni mzazi.

Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu ili wanafunzi na walimu wavuke mipaka kwa urahisi. Hata hivyo, kila chuo huajiri chenyewe. Aliyethibitishwa Kyambogo akienda Nairobi au Dodoma hupeleka maombi upya, na umri wa kustaafu haulingani: Tanzania imewaruhusu maprofesa wa vyuo vya umma kufika miaka 65.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mzazi aulize idara: wahadhiri wangapi hapa wamethibitishwa? Nani husimamia utafiti wa mwaka wa mwisho? Akiondoka, nani huchukua nafasi yake? Mnunuzi wa mahindi huchoma bambo kwenye gunia aone kilichomo kabla ya kutoa hela. Karo ya miaka mitatu ni magunia mengi.