Foto za ndeke ziko Tervuren, na sisi wa Katanga?

Kule Tervuren, karibu na Bruxelles, nyumba ya makumbusho ya Afrika inachunga foto karibu 320 000 zilizopigwa toka juu, mu ndeke. Ni udongo wa Congo, Rwanda na Burundi vile ulikuwa wakati wa Wabeleji.

Ndeke ilikuwa inapita kwa mistari iliyonyooka, kama mutu anayelima matuta. Kila foto ilifunika ile ya mbele kwa karibu 60 %. Haikuwa kuharibu filimu bure: ukiweka foto mbili za vile chini ya stereoskopi, mlima unasimama na bonde linashuka. Ndiyo vile walichora ramani.

Faida yake leo? Wenye elimu walihesabu mashimo ya erozio 2 922 mu miji 26 ya inchi yetu. Mu foto za miaka ya 1950 walikuta 46 tu. Kule Bukavu, foto za zamani zilisaidia kuonyesha kama udongo wa Funu unateremuka mbio zaidi tangu watu wamejenga juu yake.

Kwetu ku mines, bishano ni lingine. Reglema ya mines ya 2018 iko na aneksi ya XVIII juu ya kuhamisha watu na kuwalipa. Muzuri. Lakini kila mara tunagonga fasi moja: nani alikuwa hapa mbele? Muzee anaonyesha kwa kidole, pale miembe, pale makaburi ya babu zetu. Wanamujibu: karatasi iko wapi? Foto ya miaka ya 1950 ingeonyesha nyumba, mashamba na njia ya kwenda mutoni. Haitaji jina la mutu, ni kweli, na avoka wa kampuni hatakosa kulisema. Lakini hatasema tena kama ilikuwa pori tupu.

Tena kuna maji. Mabwawa ya takataka za izine, mengi yalijengwa mu mabonde. Mto uliofunikwa hauachi kutafuta njia, na mufanya kazi anayechunga ukuta wa bwawa iko na haki ya kujua ulipita wapi. Foto ya mbele ya bwawa inamwonyesha bila maneno mengi.

Sasa, filimu ni kama nyama, inaoza. Ile ya asetati ikianza kunuka siki, iko inakufa. Inajikunja na kuharibu zingine mu kabati moja. Joto na unyevu vinaongeza mbio. Na kuiingiza mu ordinatere si kazi ya mashine yoyote ya ofisi, juu inavuta picha upande na vipimo vinakuwa vya uongo. Pembeni kuna alama, tarehe, urefu wa ndeke, namba ya laini. Kuna wanaokata pembe ile ili foto ionekane safi! Wamekata kitambulisho chake.

Mu mwezi wa saba 2025, serikali ilisaini makubaliano na KoBold Metals ya Marekani. Ndani yake kuna habari ya kuingiza arshive za jiolojia za Tervuren mu ordinatere. Wanaotafuta madini wanajua bei ya karatasi za zamani. Sisi tunaomba foto za ndeke pia: kopi ikae ku Institut Géographique du Congo na ku Université de Lubumbashi, na shefu wa mugini ao sindika aione bila kulipa.

Na hapa kwetu, ma ofisi ya zamani ya mines yako na makabati ya chuma yasiyofunguliwa tangu miaka. Mukiambiwa kuyauzisha, mufungue kwanza. Rolo ya filimu musiinyooshe kwa nguvu, musiweke ku jua. Muandike namba iliyo ku kopo, na mutafute ramani inayoonyesha mistari ya ndeke, maana bila ile ramani hakuna atakayejua foto ni ya fasi gani.