Kiangazi na ngozi ya mchimbaji: kujipaka mafuta si kazi ya wanawake tu

Mwezi wa sita, mvua ikikatika, sisi watu wa Kirotshe tunaanza kuonana weupe kama watu wenye walilala ndani ya unga. Magoti yanapauka, mikono inatoa magamba, visigino vinafanya magaga. Tunachekana. Lakini kicheko kinaisha siku ngozi inapasuka na damu inatoka.

Kiangazi kimoja, mwenzetu wa ekipe yetu alipasuka kisigino. Akasema ni kitu kidogo. Akashuka mu shimo na boti zenye kutoboka, matope yakaingia mu ule ufa. Alinunua sokoni tube ya mafuta yenye walimwambia inaponyesha kila kitu, ikamharibu zaidi. Siku ya tano mguu ulivimba mpaka boti ikakataa kuingia. Alibaki nyumbani wiki tatu, na sisi wote tunajua: mchimbaji mwenye hashuki, halipwi. Bibi yake alikopa unga dukani. Ndiyo maana sisi wa sendika tunaandika leo juu ya ngozi, sawa vile tunaandika juu ya bei ya koltani na juu ya udongo wenye unaanguka.

Kwa nini kiangazi? Ngozi ya juu iko na mafuta yake yenye yanazuia mai yasitoke mwilini. Upepo mukavu unayavuta yale mai. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na milima ya Masisi kwenye tunachimba inapanda zaidi. Usiku ni baridi, mchana jua linachoma, na vumbi la barabara linamaliza kazi. Kisha kuna kazi yetu yenyewe. Mwenye anasafisha madini anasimama mu mai toka asubuhi. Ngozi inalowa, inakauka, inalowa tena, na kila mara inapoteza mafuta kidogo. Jioni tunajisugua na sabuni ya kufulia na mai ya moto; wengine wanatoa uchafu wa mikono na petroli. Tunafikiri tunajisafisha, kumbe tunaondoa yale mafuta ya mwisho.

Tufanye nini? Kwanza, kuoga haraka, na mai ya vuguvugu. Sabuni ni ya kwapa, miguu, sehemu za siri na pahali penye uchafu; mwili mzima hauombi povu kila siku. Pili, na hii ndiyo kubwa: usingoje ngozi ikauke. Jipanguse kidogo, na ndani ya dakika tatu ujipake mafuta, ngozi ingali na unyevu. Mafuta hayaleti mai, yanayafungia mlango. Mwenye anajipaka juu ya ngozi kavu anafunga nyumba wakati watu walishatoka.

Mafuta gani? Vazelini ya kawaida, bila harufu, inatosha. Na tujue ilitoka wapi. Mwaka 1859, kwenye visima vya petroli vya Pennsylvania, Marekani, kulikuwa nta nyeusi yenye ilikuwa inagandaa kwenye vyuma vya kutobolea na kusumbua mashini. Wafanyakazi walikuwa wanaichukua na kujipaka wakikatwa ao wakiungua. Kijana mmoja, Robert Chesebrough, aliona vile, akaisafisha, na mwaka 1872 akapata hati ya kuitengeneza kwa jina la Vaseline. Basi mwanaume mwenye anasema kujipaka ni mambo ya wanawake, ajue: watu wa kwanza kutumia dawa hii walikuwa wanaume wa kazi nguvu kama yeye.

Kwa magaga, lowesha miguu dakika kumi mu mai ya vuguvugu, kausha vizuri katikati ya vidole, paka vazelini mingi, vaa soksi, lala nayo. Fanya vile kila usiku, wiki mbili. Usikate magaga na wembe: ndivyo mlango wa kidonda unafunguka.

Banamama, tusikilizane juu ya mafuta ya kugeuza rangi. Ngozi ikipauka, muuzaji anakutolea tube ya kung'arisha. Ndani munaweza kuwa hidrokinoni, dawa kali ya klobetasoli, ao zebaki, ile ile yenye watu wa dhahabu wanakamatia dhahabu. Klobetasoli bila munganga inafanya ngozi kuwa nyembamba sawa karatasi, na kidonda kinachelewa kupona. Zebaki inaharibu figo. Mtoto usimpake hata kidogo.

Tena, si kila mwasho ni ukavu. Ukiwasha sana usiku, katikati ya vidole, na watu wote wa nyumba wanajikuna, huo unaweza kuwa upele: nyumba nzima inatibiwa siku moja, nguo na blanketi zinafuliwa. Ufa wenye umevimba, wenye moto, wenye usaha, ao homa inapanda, hiyo si ya vazelini tena: fika kituo cha afya ao hospitali kubwa ya Kirotshe. Mwenye ugonjwa wa sukari asingoje hata siku moja. Kidonda kidogo cha mguu kinaweza kumkatisha mguu.

Lakini mchimbaji peke yake hawezi yote. Tunaomba kila mwenye kusimamia shimo aweke pipa la mai safi na sabuni kwa kunawa wakati wa kutoka, na boti zenye hazikutoboka. Si zawadi tunaomba, ni chombo cha kazi sawa vile beche. Wandugu, mkikutana na wasimamizi, semeni neno hilo pamoja, si mmoja mmoja.

Na jioni hii, mama, angalia visigino vya baba. Wewe baba, angalia vya watoto.