Kipindi Huchagua Siku ya Kupima

Desemba 2009, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha fainali ya msimu wa 8 wa The Biggest Loser, shindano ambalo mshindi wake alikuwa yule aliyepungua sehemu kubwa zaidi ya uzito wa mwili wake. Danny Cahill, aliyeingia akiwa na kilo 195, alipanda mizani usiku huo akasoma kilo 87. Kilo 108 zilikuwa zimemtoka katika muda wa miezi 7 hivi, na akaondoka na dola 250,000. Mtazamaji mwenye shaka huuliza kama mambo haya ni ya kweli au ni ujanja wa kamera. Nadhani shaka hiyo imeelekezwa mahali pasipo. Kilo zilipungua kweli, na jasho lilimwagika kweli. Penye kasoro ni siku iliyochaguliwa kupima. Uzito wa mtu ni hali inayoendelea mwaka hadi mwaka, na kipindi kinachofunga pazia siku ya kilele kinatangaza matokeo ya jaribio ambalo halijafika hata nusu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayochuja kinachowezekana na kisichowezekana. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Katika wiki ya kwanza ya vipindi vya aina hii, mshiriki kushuka kilo 10 au zaidi si jambo geni. Kama zote zingekuwa mafuta, ingebidi kila siku mwili wake utumie kalori 11,000 zaidi ya alizokula. Hilo halipo. Mtu wa kilo 100 akimaliza marathoni nzima, kilomita 42, hutumia kalori 4,200 hivi, sawa na nusu kilo ya mafuta na kidogo juu yake. Sehemu kubwa ya kilo za wiki ya kwanza ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga ndani ya ini na misuli ikiwa katika umbo la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Mlo ukikatwa ghafla na mazoezi yakapamba moto, akiba hiyo huisha kwa siku chache na maji yake hutoka kwa mkojo na jasho. Chumvi ikipunguzwa, maji mengine hufuata. Ndiyo sababu wiki ya pili huwa na machozi: mizani inashuka kilo moja au mbili tu, mkufunzi anafoka, mshiriki anaomba radhi mbele ya mamilioni ya watu, ilhali kwa kipimo cha mafuta huenda wiki hiyo haikuwa mbaya kuliko iliyoshangiliwa.

Ukiacha vishindo vya wiki moja moja na kutazama wastani, picha inakuwa ya kuaminika zaidi. Washiriki 14 wa msimu huo wa 8 waliofuatiliwa na watafiti walipungua wastani wa kilo 58.3 katika wiki 30. Hizo ni pungufu ya kilo 2 kwa wiki, au nakisi ya kalori kama 2,000 kwa siku, kiasi ambacho mwili wa karibu kilo 150 unaweza kukimudu. Wala si kweli kwamba walichoyeyusha ni misuli, kama wakosoaji wengi wa kipindi wanavyopenda kusema: vipimo vilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito uliopungua ulikuwa mafuta, jambo ambalo watafiti walilihusisha na ukali wa mazoezi. Lakini tazama gharama yake. Walipokuwa kambini California walifanya mazoezi mazito ya kusimamiwa kwa dakika 90 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na walihimizwa kuongeza hadi saa 3 nyingine kila siku wenyewe. Hakuna kwenda kazini, hakuna foleni za barabarani, hakuna mtoto wa kuogesha wala harusi ya binamu yenye sinia la pilau. Wanasayansi wangependa sana kuwa na maabara kama hiyo. Mtu wa kawaida hana namna ya kuishi humo.

Kilichofuata ndicho kilichokipa kipindi hiki nafasi katika majarida ya tiba. Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaita tena washiriki hao 14 baada ya miaka 6, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Kwa wastani walikuwa wameanza na kilo 148.9, wakafika 90.6 mwisho wa shindano, na sasa walikuwa wamerudi kwenye 131.6. Cahill mwenyewe alikuwa na kilo 134 hivi. Kurudi kwa uzito si habari mpya kwa yeyote aliyewahi kuhudumia wagonjwa wenye unene uliokithiri. Habari ilikuwa kwenye umetaboli, yaani nishati ambayo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Kabla ya shindano miili yao ilitumia wastani wa kalori 2,607 kwa siku. Mwisho wa shindano zilikuwa 1,996, na hilo lilitarajiwa, kwani mwili mdogo hutumia kidogo. Baada ya miaka 6, wakiwa wameongezeka kilo 41, zilitakiwa zipande. Badala yake zilikuwa 1,903, karibu 500 chini ya kile ambacho mtu wa umri na ukubwa wao angetarajiwa kutumia. Mwili ulikuwa umenenepa tena bila kurudisha matumizi yake.

Magazeti mengi yalihitimisha kwamba shindano liliharibu umetaboli, na umetaboli ulioharibika ukarudisha unene. Maelezo hayo ni mepesi mno, na data zenyewe zinayakataa. Waliopunguza umetaboli zaidi mwishoni mwa shindano hawakuwa ndio walioongezeka zaidi baadaye. Kinyume chake, waliofaulu kubaki na upungufu mkubwa wa uzito baada ya miaka 6 ndio walioonyesha umetaboli uliopoa zaidi. Mwaka 2022 Hall alirudi kwenye matokeo yake na kupendekeza tafsiri nyingine: huenda mwili unaotumikishwa kwa mazoezi mengi mfululizo unafidia kwa kubana matumizi wakati wa kupumzika. Kwa tafsiri hiyo, kupoa kwa umetaboli ni alama ya juhudi inayoendelea, na hakuna ulazima wa kukuita uharibifu.

Basi uzito ulirudije? Hapa inafaa kutazama upande ambao kamera haikuuona, nao ni njaa. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwanzoni washiriki walikuwa na wastani wa nanogramu 41 za leptini kwa kila mililita ya damu. Mwisho wa shindano zilibaki 2.6, kiwango cha mtu ambaye ubongo wake unaamini kuwa yuko kwenye baa la njaa. Baada ya miaka 6, pamoja na kilo zote zilizorudi, zilikuwa 28 tu. Utafiti wa Melbourne uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha jambo kama hilo kwa watu waliofuata mlo mkali wa wiki 10: mwaka mzima baadaye, homoni za njaa na shibe zilikuwa bado zinawasukuma kula. Hall na wenzake walikadiria katika kazi nyingine kwamba kwa kila kilo inayopungua, matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kwa kalori zinazokaribia 100. Kwa makadirio hayo njaa ni mpinzani mkubwa kuliko umetaboli, mara tatu au zaidi. Kambini njaa hiyo ilizuiwa na ukuta, ratiba, mkufunzi na tamaa ya dola 250,000. Nyumbani hakukuwa na kimojawapo.

Kuna watakaosema tatizo ni haraka, na kwamba wangepungua polepole yasingewakuta. Ushauri wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki umerudiwa mno hata umekuwa kama aya ya kitabu kitakatifu, lakini haujasimama vizuri ulipojaribiwa. Watafiti wa Melbourne waliwagawa watu 200 katika makundi mawili, moja likipungua kwa wiki 12 na jingine kwa wiki 36. Miaka karibu mitatu baadaye, makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha takriban asilimia 71 ya uzito waliopunguza. Zaidi ya hapo, haraka ina faida zake mahali pake. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, watu wenye kisukari cha aina ya 2 walipewa mlo wa vinywaji maalumu wa kalori zisizozidi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa hiyo siwezi kukilaumu kipindi kwa sababu ya kasi peke yake. Tofauti ni kwamba DiRECT ulikuwa na mpango wa kurudisha chakula hatua kwa hatua na watu wa kuwafuata washiriki miezi iliyofuata, wakati runinga hugawa zawadi na kuhamia msimu ujao.

Pingamizi zito zaidi ni la wale waliofaulu. Kati ya wale 14, zaidi ya nusu walikuwa bado chini ya uzito wao wa mwanzo kwa asilimia 10 au zaidi, na kliniki yoyote ingejivunia matokeo hayo baada ya miaka 6. Nakubali, na mtu anayesema "wote walirudi palepale" hasemi kweli. Lakini watafiti walipochunguza kilichowatofautisha waliobaki na upungufu, walikuta mazoezi: wao walikuwa wameongeza shughuli za mwili kwa asilimia 160 kuliko kabla ya shindano, wenzao kwa asilimia 34. Makadirio yao ni kwamba kudumisha upungufu wa namna ile kunadai takriban dakika 80 za mazoezi ya wastani kila siku, au 35 za mazoezi makali, bila likizo. Hiyo ndiyo bei halisi, nayo haikutajwa usiku wa fainali. Anayeweza kuilipa na ailipe. Anayeshindwa kwa sababu anaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala na kurudi usiku, asiambiwe kwamba amekosa nia.

Na hapo ndipo hoja ya kwamba vipindi hivi angalau vinahamasisha inaponipa mashaka. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2012 liliwaonyesha watu sehemu ya dakika 40 ya The Biggest Loser. Wakilinganishwa na waliotazama kipindi cha mambo ya asili, walitoka wakiwachukia zaidi watu wanene, na wakiamini zaidi kwamba uzito ni jambo la mtu kujiamulia tu. Lilikuwa jaribio dogo, na sitaki kulibebesha mzigo usio wake, ila linaendana na mantiki ya onyesho lenyewe. Shindano lilipima wingi wa kilo tu. Halikuwa na kipengele cha kusema imetosha. Mwaka 2014 mshindi wa msimu wa 15 alishuka kutoka kilo 118 hadi 48, karibu asilimia 60 ya mwili wake, na hata wakufunzi wa kipindi walionekana kushtuka jukwaani. Watu walimrushia lawama yeye, wakati yeye alikuwa amefuata kanuni za mchezo hadi mwisho wake.

Kinachosikitisha ni kwamba faida za kiafya huanza mapema sana, katika kilo ambazo hakuna mtayarishaji wa runinga angezipa muda wa hewani. Mpango wa Kuzuia Kisukari wa Marekani, ulioripotiwa mwaka 2002 baada ya kufuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo, uliwalenga washiriki wa kundi la mtindo wa maisha kupungua asilimia 7 tu na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 6 na ushei. Kundi hilo lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, zaidi kuliko hata kundi la waliomeza dawa ya metformini. Wanaotaka upungufu mkubwa zaidi sasa wana semaglutaidi na dawa nyingine za sindano, ambazo hupambana na njaa yenyewe, na katika jaribio kubwa la mwaka 2021 watumiaji wa semaglutaidi walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Sehemu yao waliendelea kufuatiliwa baada ya kuacha dawa. Mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya uzito huo ilikuwa imerudi, bila kambi, bila wakufunzi wa kufoka na bila kamera, na ndiyo maana madaktari wengi sasa huizungumzia dawa hiyo kama wanavyozungumzia ya shinikizo la damu: matibabu yasiyo na siku ya fainali.