Unauza pikipiki? Fedha mezani kwanza, ufunguo baadaye

PIKIPIKI ni miongoni mwa mali chache ambazo kaya ya mkulima inaweza kuzigeuza kuwa fedha ndani ya siku chache. Shamba huchukua muda mrefu kuuzika, na mazao yaliyoko ghalani hutegemea bei ya msimu. Pikipiki ina mnunuzi karibu kila kijiji, hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuruhusu chombo hicho kubeba abiria kwa malipo nchini Tanzania. Ndiyo maana ada ya shule inapokaribia, au wakati wa kununua mbolea unapowadia, macho ya wengi huelekea kwenye pikipiki iliyoegeshwa uani.

Wengi huiuza wenyewe, bila kupitia dukani wala kwa dalali, ili wasigawane bei na mtu. Wataipigia hesabu kwa wiki nzima, wataiosha, watabadilisha oili na kubishana na mnunuzi hadi shilingi elfu kumi ya mwisho. Lakini mnunuzi akisema tu, “Naomba niizungushe kidogo,” ufunguo hutolewa bila swali. Kwa dakika hizo chache muuzaji hana pikipiki na wala hana fedha. Hakuna hatua nyingine katika biashara hiyo ambapo mali yake yote huwa mikononi mwa mtu asiyemfahamu.

Kwa nini mnunuzi anataka kuijaribu

Ombi la kuijaribu pikipiki ni la haki. Muuzaji anajua kama injini inakula oili, kama gia ya tatu inachomoka na kama chombo kiliwahi kuanguka. Mnunuzi hajui lolote kati ya hayo. Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliieleza hali hiyo katika makala yake ya mwaka 1970 iliyohusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa wachumi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni nyepesi: mnunuzi asiyeweza kutofautisha chombo kizima na kibovu atatoa bei ya wasiwasi kwa vyote viwili. Mwenye chombo kizima huumia, na mara nyingi huamua kutouza kabisa.

Jaribio la barabarani huondoa sehemu kubwa ya wasiwasi huo. Kwa hiyo muuzaji anayekataa katakata pikipiki yake isijaribiwe hujipunja mwenyewe, kwa kuwa mnunuzi makini ataondoka, na atakayebaki atataka kupunguziwa bei. Suala basi si kukubali au kukataa jaribio, bali ni nani abebe hatari yake.

Hesabu ya anayeuza moja

Tuchukue mfano. Pikipiki inaweza kuuzwa shilingi 1,800,000 ikijaribiwa, na shilingi 1,500,000 isipojaribiwa. Tuseme pia kwamba katika kila wanunuzi 20 wanaopewa ufunguo bila masharti, mmoja anatokomea nayo.

Mfanyabiashara mwenye pikipiki 20 akiruhusu zijaribiwe atauza 19 na kupata shilingi 34,200,000. Akikataa atauza zote 20 na kupata shilingi 30,000,000. Kwake yeye kuruhusu ni faida hata baada ya kuibiwa moja, kwa sababu zile 19 zinaifidia.

Mkulima hauzi pikipiki 20. Anauza moja. Akiangukia kwa yule mmoja, hakuna nyingine ya kumfidia. Mbolea haitanunuliwa na mtoto hatakwenda shule. Wastani unaomfaa mfanyabiashara haumsaidii mtu mwenye mali moja. Huyu anahitaji utaratibu utakaomwezesha kupata bei ya pikipiki iliyojaribiwa bila kuubeba mzigo wa kuibiwa.

Dhamana zisizo dhamana

Wauzaji wengi huamini wamejikinga kwa kushika kitu cha mnunuzi. Vitu hivyo vinafaa kutazamwa kimoja kimoja.

Cha kwanza ni kitambulisho. Kadi inaweza kuwa ya mtu mwingine au iliyookotwa, na hata ikiwa halali thamani yake haifikii ya pikipiki. Inasaidia kumtafuta mtu, lakini hairudishi mali.

Cha pili ni simu. Simu ya shilingi laki moja kushikiliwa kwa ajili ya chombo cha shilingi milioni 1.8 si dhamana, ni bei ya punguzo kwa mwizi.

Cha tatu ni pikipiki aliyokuja nayo. Huenda ameiazima, ameikodi au ameiiba. Muuzaji anaweza kujikuta akieleza polisi jinsi mali ya wizi ilivyofika uani kwake.

Cha nne, na ndicho huwaponza wengi, ni mwenzake anayeachwa nyuma. Tapeli huweza kuja na kijana aliyemchukua njiani kwa ahadi ya kibarua. Kijana hukaa kwenye benchi kwa utulivu, naye muuzaji huridhika. Saa mbili zikipita hubainika kwamba hata yeye hamjui mtu huyo kwa jina.

Kipimo cha dhamana ni kimoja: je, mnunuzi asiporudi, kilichobaki kinalingana na bei ya pikipiki? Kama hakilingani, muuzaji hana dhamana.

Fedha yote, kwa shahidi

Kinacholingana na bei ya pikipiki ni bei yenyewe. Mnunuzi na muuzaji waikague pikipiki ikiwa imesimama, wapatane bei, kisha mnunuzi aweke fedha yote kabla hajapewa ufunguo. Akirudi na kusema hajaridhika, na pikipiki iko kama ilivyoondoka, anarudishiwa fedha yake yote. Asiporudi, atakuwa ameinunua.

Mnunuzi naye ana haki ya kuogopa. Fedha ikiwa mfukoni mwa muuzaji, nani atahakikisha inarudi? Ndiyo sababu inafaa ishikwe na mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote mbili. Vijijini mtu huyo anaweza kuwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Mijini, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Viongozi hao wamezoea kushuhudia mauziano ya viwanja na mifugo, na mbele yao ni vigumu mtu kugeuza maneno.

Karatasi moja inatosha. Iandikwe majina ya wote wawili na namba zao za simu, namba ya usajili ya pikipiki, namba ya chasisi na ya injini, kiasi cha fedha kilichowekwa, saa ya kuondoka na ya kurudi, njia itakayopitwa, na nani atalipa kitakachovunjika. Wote watie sahihi pamoja na shahidi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Fedha taslimu zihesabiwe na kukaguliwa noti kwa noti kabla ufunguo haujatoka. Kiasi kikiwa kikubwa, ni salama zaidi kukutania ndani ya benki kuliko kubeba bahasha mitaani. Anayelipwa kwa simu asitosheke na ujumbe mfupi, kwa kuwa ujumbe unaweza kughushiwa. Atazame salio lenyewe kupitia menyu ya mtandao wake. Akumbuke pia kwamba mitandao hupokea maombi ya kurudishiwa fedha zilizotumwa kimakosa. Karatasi yenye sahihi na namba ya simu ya mlipaji itakuwa ushahidi kwamba fedha ile haikutumwa kwa makosa.

Kadi ibaki nyumbani

Kadi halisi ya pikipiki isiondoke na chombo. Mwizi mwenye pikipiki na kadi yake anaweza kujifanya mwenye mali na kuiuza upya siku hiyo hiyo. Mwizi asiye na kadi hubaki na chombo ambacho mnunuzi makini atakitilia shaka. Wakati wa jaribio nakala inatosha. Kadi halisi aoneshwe mnunuzi mbele ya shahidi, alinganishe namba zilizomo na zile zilizogongwa kwenye chuma, kisha ihifadhiwe hadi mauzo yakamilike.

Leseni na bima

Wizi si hatari pekee. Mtu asiyeizoea pikipiki ya mwenzake anaweza kuanguka kwenye kona ya kwanza au kumgonga mtembea kwa miguu. Hapo swali huwa nani aliyempa chombo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka kila dereva awe na leseni ya aina ya chombo anachoendesha. Leseni ya gari pekee haitoshi kwa pikipiki. Muuzaji aione leseni halisi, alinganishe picha na sura, aandike namba yake na kutazama kama muda wake haujaisha. Anayesema ameisahau nyumbani aifuate kwanza.

Sheria ya bima ya vyombo vya moto nayo haimbani dereva peke yake. Inamhusu pia anayemruhusu mtu mwingine kutumia barabarani chombo kisicho na bima. Pikipiki ambayo bima yake imekwisha isitolewe barabarani kwa kisingizio kwamba inauzwa. Aidha, bima ndogo hulipa madhara anayopata mtu wa tatu. Hailipii pikipiki ikivunjika wala ikiibwa. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake au aulize kampuni yake mapema kama inamhusu mtu anayefanya jaribio, badala ya kuuliza baada ya ajali.

Kofia ngumu iwepo, na mnunuzi asiyetaka kuivaa asipewe ufunguo.

Jaribio lenyewe

Wakati unaofaa ni mchana, na mvua isiwe inanyesha. Injini iachwe ikiwa ya baridi. Wanunuzi wazoefu huigusa kwanza, kwa sababu injini iliyotangulia kuwashwa huficha ugumu wa kuwaka. Muuzaji asiye na la kuficha atapata heshima kwa kuacha iwashwe mbele ya mnunuzi, kwa kiki na kwa selfu.

Kabla ya kuondoka, muuzaji aieleze tabia ya chombo chake: klachi inashika wapi, gia zinapangwaje, breki ya mbele ina ukali gani. Pikipiki hutofautiana, na ajali nyingine hutokana na mtu kukanyaga gia akidhani mpangilio ni ule aliouzoea. Kasoro zinazojulikana zitajwe kabla hazijagunduliwa. Mnunuzi akikuta alichoambiwa ndicho kilichopo, huacha kutafuta sababu za kushusha bei.

Njia ya kilometa 1 au 2 inatosha, ikiwa na sehemu tambarare, mlima mdogo na kipande cha barabara mbovu. Mlima huonesha nguvu ya injini, tambarare huonesha kama gia zote zinaingia, na mashimo huonesha hali ya shokapu na usukani. Mnunuzi akirudi, waangalie pamoja moshi na uvujaji. Moshi wa rangi ya bluu ni dalili ya oili inayoungua ndani ya injini. Moshi mweusi huashiria petroli inayoingia kupita kiasi. Kiwanja cha mpira kinafaa kwa kuanzia, ili muuzaji aone kwanza kama mtu huyu anajua kuendesha.

Wapo wanaopendelea kupanda nyuma ya mnunuzi. Njia hiyo inafaa kwa mtu anayefahamika. Kwa mgeni ina ubaya wake, kwa kuwa anayeshika usukani ndiye anayechagua njia, na anaweza kumpeleka muuzaji mahali wenzake wanapomsubiri. Ni afadhali muuzaji aendeshe na mnunuzi apande nyuma, au jaribio lifanyikie kwenye gereji ya fundi waliyeafikiana, tena kwenye barabara yenye watu.

Baada ya kuridhika

Mnunuzi akiridhika, mauziano hayajaisha. Mkataba uandikwe, kisha wote wawili wafuatilie uhamisho wa umiliki Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mapema iwezekanavyo. Muuzaji anayekabidhi kadi na kwenda zake hubaki mmiliki katika kumbukumbu za serikali. Faini za barabarani hufuata namba ya usajili, na pikipiki ikitumika katika uhalifu mtu wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi. Hadi uhamisho ukamilike, karatasi yenye tarehe na saa ya makabidhiano ndiyo kinga yake.

Wapo watakaoona utaratibu huu ni mrefu kwa chombo kilichotumika. Wapo pia wanaoona haya kumdai fedha mtu waliyetoka kunywa naye chai. Lakini mnunuzi wa kweli amekuja na fedha, ana leseni, na haogopi ofisi ya mtendaji. Masharti haya hayamgharimu zaidi ya nusu saa. Anayeyakimbia huwa ameshamwambia muuzaji alichokuwa anahitaji kujua, na pikipiki bado iko uani.