Mwendo, Mpigo na Saa: Istilahi za Nyaya za Ruta

Ruta, ambayo wengine huiita kipanga njia, ni mtambo upokeao vifurushi vya habari vya mtandao na kuamua kila kimoja kipitie njia ipi. Mbali na nyaya zichukuazo habari hizo, ruta kubwa za mashirika ya simu huwa na matundu ya aina mbili nyingine: ya usimamizi na ya majira. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya nyaya hizo, na kuonyesha jinsi istilahi zinavyoweza kumwongoza au kumpoteza fundi asomaye maelezo kwa Kiswahili.

Matundu ya usimamizi kwa kawaida ni mawili. La kwanza ni la konsoli, ambalo huunganishwa na kompyuta moja kwa moja. Katika mitambo mingi mawasiliano yake huenda kwa biti 9600 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo, lakini ndiyo njia ibakiayo mtandao wenyewe ukatikapo. La pili ni la ethaneti ya usimamizi, limwezeshalo msimamizi kuifikia ruta akiwa mbali bila ya kutumia njia za wateja. Mara nyingi matundu haya mawili yana umbo moja, na katika baadhi ya mitambo tundu la majira hufanana nayo pia. Plagi ya moja huingia barabara katika jingine, ila haifanyi kazi. Jicho halitambui tofauti. Jina ndilo litambulishalo. Yote yakiitwa "tundu la waya" tu, fundi ameachwa gizani.

Kwa upande wa majira ugumu huzidi, kwa kuwa neno "saa" hubebeshwa dhana tatu. Na tuchukue mfano wa wapiga ngoma wawili. Wanaweza kupiga kwa kasi moja, lakini mmoja akatangulia kidogo. Wanaweza pia kupiga kwa pamoja kabisa, na bado mmoja asijue ni pigo la ngapi. Kadhalika waya mmoja huleta mwendo, kwa kawaida mitetemo 10,000,000 kwa sekunde. Wa pili huleta mpigo mmoja kila sekunde. Wa tatu huleta tarehe na saa ya siku.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Minara ya simu itumayo na kupokea kwa zamu katika masafa yale yale haitakiwi kuachana na saa ya rejeo kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5. Ikipewa mwendo bila ya mpigo, itakwenda kwa kasi moja lakini itaingiliana.

Saa ya siku nayo ina mtego wake. Mitambo mingi hufuata saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa za Nairobi kwa saa 3. Saa sita mchana ya Nairobi husomeka humo 09:00, ambayo msomaji wa haraka aweza kuidhania saa tisa.

Inafaa basi "mwendo", "mpigo" na "saa ya siku" yatengwe, na "majira" liwe jina la jumla. Neno hili halikosi asili ya kufaa: kwa mabaharia wa pwani, majira yalikuwa pia mwelekeo wa chombo baharini. Na ruta, kama chombo, huhitaji kujua njia na wakati pamoja.