Barabara Huyakimbia Maji, Bandari Huyatafuta: Tujifunze Maneno ya Mafundi

Kujua kusoma ni mwanzo tu. Kila kazi ina maneno yake. Mvuvi ana ya kwake, mkulima wa pamba ana ya kwake, na fundi wa barabara naye ana ya kwake. Siku wataalamu wakija kijijini kupima barabara, utawasikia wakisema: "Upembuzi yakinifu umekwisha. Hapa ni hifadhi. Pale tutaweka kalavati." Watu watapiga makofi. Lakini je, ni wangapi walioelewa?

Asiyeelewa neno hawezi kuuliza swali. Na asiyeuliza swali anaweza kugundua baadaye, wakati kazi imekwisha, kwamba nyumba yake imo ndani ya hifadhi, au kwamba maji yote ya barabara yameelekezwa kwenye shamba lake la mihogo.

Leo tutajifunza maneno ya kazi ya barabara, kisha tutafuata mzigo wetu hadi bandarini. Kazi hizi mbili zinaonekana mbali, lakini zote mbili zinahangaika na kitu kimoja: maji. Fundi wa barabara anataka maji yaondoke upesi. Fundi wa bandari anataka maji yawe mengi na yenye kina. Ukilishika jambo hilo, maneno mengine yatakuwa rahisi.

1. Barabara ni matabaka

Watu wengi wakiona lami hudhani hiyo ndiyo barabara. Sivyo. Lami ni ngozi tu. Nguvu iko chini.

Chini kabisa pana udongo wa asili, yaani ule tulioukuta. Udongo laini wa juu, wenye mizizi na majani, huondolewa kwanza kwa sababu unaoza na kubonyea. Mahali penye bonde hujazwa kifusi ili barabara iinuke. Udongo huo ulioinuliwa unaitwa *tuta*. Juu ya tuta huwekwa *tabaka la msingi*, ambalo ni changarawe nzuri au kokoto. Mwisho kabisa huja *lami*, ambayo hutokana na mafuta ya petroli yanaposafishwa. Kazi ya lami ni kuwa paa: inazuia maji ya mvua yasiingie kwenye msingi, na inawapa magurudumu mahali palipo laini pa kupita.

Barabara ya changarawe, ambayo wengine huiita barabara ya moramu, haina paa hilo. Kwa hiyo inahitaji kuangaliwa mara kwa mara.

Kila tabaka lazima *lishindiliwe*. Kushindilia ni kukandamiza udongo kwa mashine nzito mpaka nafasi za hewa ziishe. Utaona gari la maji likimwaga maji kwanza. Usidhani wanaogesha barabara! Udongo mkavu mno haushikani, na udongo uliolowa mno ni tope. Chukua udongo, ufinye mkononi. Ukishikamana bila kukulowesha kiganja, hapo maji yake yanakaribia kutosha. Barabara isiyoshindiliwa vizuri hutitia kabla ya wakati wake, hata kama lami yake inang'aa.

2. Mgongo, mfereji na kalavati

Tazama barabara nzuri ukiwa umechuchumaa. Utaona katikati pameinuka kidogo. Huo ndio *mgongo* wa barabara. Kwa barabara ya changarawe, mgongo hushuka kiasi cha sentimita 4 hadi 5 kwa kila mita moja kwenda pembeni. Tufanye hesabu. Barabara ina upana wa mita 6. Kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 3. Basi katikati panatakiwa pawe juu kuliko ukingoni kwa sentimita 12 hadi 15. Chukua kamba, rula na kijiti, ukapime barabara yenu. Ukikuta katikati pamekuwa bonde, jua kwamba barabara imegeuka mto.

Maji yakishuka kwenye mgongo huingia kwenye *mfereji*, ambao hukimbia kando ya barabara. Mfereji nao una mwisho wake. Maji yakikusanyika mengi huchimba, na shimo huila barabara pole pole. Kwa hiyo baada ya kila umbali fulani huchimbwa *mfereji wa kuchepusha maji*, unaoyatoa maji pembeni.

Hapa ndipo ugomvi unapoanza. Maji yanachepushwa kwenda wapi? Mara nyingi ni shambani kwa mtu. Mwenye shamba akiona mihogo yake inasombwa, usiku huchukua jembe na kuziba mfereji. Mvua inayofuata, maji hurudi barabarani na kuikata. Gari la wagonjwa halipiti. Gari la mazao halipiti. Je, tumlaumu mwenye shamba? Kosa lilianza siku ya mkutano, pale ambapo hakuna aliyeuliza, "Maji haya yataishia wapi?" Ndugu msomaji, swali hilo uliulize mapema, kabla greda halijafika. Maji yanaweza kupelekwa kwenye korongo la zamani, kwenye nyasi, au kwenye bwawa. Mawe yakipangwa ndani ya mfereji hupunguza kasi ya maji yasichimbe.

Maji yakitaka kuvuka kutoka upande mmoja wa barabara kwenda wa pili, huwekewa *kalavati*. Hilo ni bomba kubwa la zege au la bati nene linalopita chini ya barabara. Mto mkubwa huhitaji *daraja*. Kuna pia *daraja mfuto*, nalo ni sakafu ya zege au mawe iliyolazwa chini mtoni. Siku za kawaida gari hupita juu yake. Mvua ikinyesha sana, maji nayo hupita juu yake. Ni la gharama ndogo, lakini lina sharti: maji yakiwa yanapita, usivuke. Wengi wamepoteza maisha kwa kusema, "Ni maji ya magoti tu."

Kalavati lililoziba kwa taka na mchanga halina faida. Ni sawa na kutokuwa nalo.

3. Hifadhi ya barabara

Neno hili lishike sana. *Hifadhi ya barabara* ni ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, pamoja na mifereji yake, njia za waenda kwa miguu, na upanuzi wa baadaye. Hata kama leo ni majani matupu, hiyo ni ardhi ya barabara.

Hapa Tanzania, barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza ikawa mita 30 kila upande. Tofauti ni mita 7.5.

Ndiyo maana katika maeneo mengi nyumba ziliandikwa X za rangi mbili. X nyekundu ilimaanisha kwamba mtu amejenga ndani ya hifadhi ya zamani, abomoe bila fidia. X ya kijani ilimaanisha kwamba mtu alikuwa nje, barabara ndiyo iliyomfuata katika zile mita 7.5, kwa hiyo ana haki ya kufidiwa eneo hilo likichukuliwa. Rangi moja ni hasara, rangi nyingine ni haki. Anayezichanganya anaweza kukaa kimya mahali pa kudai, au kudai mahali pasipo na kitu.

Kwa hiyo kabla hujanunua kiwanja au kuchimba msingi karibu na barabara, chukua futi kamba. Anza kupima katikati ya barabara. Usianzie ukingoni mwa lami. Kama ni barabara ya kijiji, hifadhi yake ni nyembamba zaidi. Kipimo kiulize TARURA wilayani kwenu.

4. Ekseli na mizani

*Ekseli* ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Uzito wa lori hufika barabarani kupitia ekseli. Mwaka 1958 hadi 1960, katika jimbo la Illinois huko Marekani, wahandisi waliendesha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio. Waligundua jambo la ajabu. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili. Huongezeka kama mara 16!

Ndiyo sababu pana *mizani* kwenye barabara kuu, kama ile ya Vigwaza mkoani Pwani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka lori lenye mzigo lisizidi tani 56 kwa jumla, gari na mzigo pamoja. Dereva anayekwepa mizani anaila barabara ya watu wote.

5. Mzigo wetu ukifika bandarini

Sasa tulifuate lori la mkonge hadi Tanga. Bandarini meli hufunga kwenye *gati*. Gati ni ukuta au jukwaa imara linaloingia majini, ambapo meli huegeshwa, na *shehena*, yaani mzigo, hupakiwa na kupakuliwa.

Meli kubwa huzama mita nyingi chini ya maji. Bila *kina* cha kutosha, tumbo lake litagusa mchanga. Bandari ya Tanga iko kwenye ghuba nzuri iliyokingwa na mawimbi, lakini kwa miaka mingi maji ya gatini yalikuwa na kina cha mita 3 hivi. Meli kubwa zilitia nanga mbali. Mzigo ulishushwa kwenye *matishari*, yaani vyombo bapa vya kubebea shehena, vikavutwa hadi gatini, kisha ukashushwa tena. Mzigo mmoja ulibebwa mara mbili! Gharama ya kazi hiyo nani aliilipa? Aliilipa mkulima kwenye bei ya mkonge wake, na mnunuzi kwenye bei ya mbolea.

Kuanzia mwaka 2019 ilifanyika kazi ya *kuongeza kina*. Mashine zilichota mchanga na tope chini ya bahari, katika gati na katika *mlango wa bandari*, ambao ndio njia ya meli kuingilia. Kina kikafika mita 13, na magati yenye urefu wa mita 450 yakaboreshwa. Meli sasa zinafunga gatini zenyewe.

Kina hicho hupimwa maji yakiwa yamekupwa sana. Watu wa pwani wanajua sababu. Wakati wa *bamvua*, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu tofauti hupita mita 3. Wakati wa *maji mafu* tofauti ni ndogo. Ziwani hakuna bamvua, lakini ziwa nalo hupanda. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipita kipimo chake cha mwaka 1964, maji yakaingia kwenye mialo na nyumba za pwani yake.

Je, mchanga unaochotwa bandarini hutoka wapi? Mwingine huletwa na mawimbi. Mwingine huletwa na mito, na mito huupata kwenye mashamba yasiyo na matuta na mifereji isiyotunzwa. Kumbe udongo unaokatwa kwenye barabara ya kijiji unaweza kwenda kuziba njia ya meli!

6. Maneno ya mkutanoni

*Upembuzi yakinifu*: uchunguzi wa kujua kama kazi inafaa na ina faida. Haimaanishi kwamba ujenzi umeanza.

*Usanifu wa kina*: michoro na vipimo kamili. Huu ndio wakati wa kuuliza maji yatakwenda wapi.

*Zabuni*: mashindano ya kutafuta wa kufanya kazi.

*Mkandarasi*: aliyepewa kazi ya kujenga.

*Mhandisi mshauri*: anayemsimamia mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi.

*Kipindi cha matazamio*: muda baada ya kazi kukamilika, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama zake mwenyewe. Kalavati likipasuka ndani ya muda huo, andikeni barua upesi, wekeni tarehe, na mbaki na nakala. Muda ukipita, gharama inawarudia wananchi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini lami peke yake haifanyi barabara kuwa imara?
2. Nyumba iko mita 26 kutoka katikati ya barabara kuu. Ilijengwa mwaka 1990. Je, ingestahili X ya rangi gani? Kwa nini?
3. Barabara ya changarawe ina upana wa mita 8. Mgongo unashuka sentimita 5 kwa kila mita. Katikati panatakiwa pawe juu kwa sentimita ngapi?
4. Mwenye shamba ameziba mfereji wa kuchepusha maji. Kikundi chenu kingemshauri nini, na kingeiambia nini serikali ya kijiji?

Kazi ya kikundi

Kabla ya mvua za masika, tembeeni barabara yenu yote mkiwa na daftari. Hesabuni makalavati. Andikeni yaliyo wazi ni mangapi na yaliyoziba ni mangapi. Orodha hiyo isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kisha mpange siku ya majembe na makoleo.