Muhali Usivuke Kizingiti cha Chumba cha Mtihani

Kila inapotajwa haja ya madaktari bingwa katika hospitali zetu za Unguja na Pemba, huzuka wazo moja ambalo aghalabu husemwa kwa nia njema na kwa sauti ya chini. Wazo lenyewe ni hili: kwa kuwa mabingwa ni wachache na wagonjwa ni wengi, basi vijana wetu wanaosomea ubingwa wasibanwe mno na masharti ya mitihani. Walegezewe kamba kidogo, warudi upesi, wawahudumie wananchi. Makala haya yanakusudia kulipinga wazo hilo. Hatukanushi kwamba haja ipo. Tunasema kwamba haja hiyo hiyo ndiyo inayodai mtihani uwe mgumu na uwe wa haki.

Ili jambo hili lieleweke sawasawa, yatupasa kwanza tuelekeze macho yetu Arusha. Jiji hilo, lililotulia chini ya Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, wasomaji wengi wa Visiwani wanalijua kwa Azimio la mwaka 1967 na kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini huko tarehe 30 Novemba, 1999. Walio wachache ndio wanaojua kwamba upande wa Njiro, katika jiji hilo hilo, ndipo yalipo makao ya Jumuiya ya Afya ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1974. Na hapo ndipo pia ilipo ofisi kuu ya chuo cha madaktari wapasuaji wa kanda hii, kilichoundwa mwaka 1999 na kujulikana kwa ufupi kama COSECSA.

Chuo hiki ni cha namna ya peke yake. Wenyewe hukiita chuo kisicho na kuta. Mwanafunzi wake haachi hospitali akaenda kuketi darasani. Hubaki katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, akafanya kazi chini ya mkono wa daktari bingwa, na kila upasuaji anaoufanya au kuusaidia huuandika katika daftari lake la kumbukumbu, ambalo siku hizi huwekwa kwa kompyuta. Baada ya miaka 2 hufanya mtihani wa ngazi ya kwanza. Baada ya miaka mingine, ambayo kwa matawi mengi ya upasuaji ni 3, hufanya mtihani wa ubingwa wenyewe. Karatasi za maandishi hufanywa karibu na mwezi wa Septemba, na aliyezishinda huitwa mwezi wa Desemba kwa mtihani wa mdomo na wa vitendo, mbele ya watahini waliotoka nchi mbalimbali.

Njia ya pili ni ile ya vyuo vikuu: Muhimbili kule Dar es Salaam, chuo cha KCMC kule Moshi ambako si mbali na Arusha, Bugando kule Mwanza, na vinginevyo. Huko daktari husomea shahada ya uzamili kwa miaka 3 au 4, huandika tasnifu na kuitetea, kisha hukabili mtihani wa mwisho ambao ndani yake hukaribishwa mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine ambaye hakumfundisha mtahiniwa yule wala hana deni naye.

Njia ni mbili, lakini kanuni zao zina shina moja. Na shina hilo sisi watu wa Visiwani tunaweza kulielewa kuliko wengi, kwa kuwa tunalo neno ambalo linaueleza ugonjwa unaotibiwa na kanuni hizo. Neno hilo ni muhali.

Muhali si rushwa. Mwenye kupokea rushwa anajua kwamba anaiba. Mwenye kufanya muhali hudhani kwamba anatenda wema. Huona vigumu kumwambia mtoto wa jirani kwamba hakufaulu. Huona haya kumwangusha kijana ambaye mama yake wamelelewa nyumba moja. Hukumbuka kwamba mtahiniwa huyu amekesha naye wodini miaka mitatu, naye ni mtiifu na mwenye adabu. Visiwa vyetu ni vidogo. Ukimtafuta mtu asiyekuwa mjomba, shangazi, mkwe au mwanafunzi wa mtu, utatafuta sana. Muhali unaweza kuwa uzuri katika harusi na katika msiba. Katika chumba cha mtihani wa daktari mpasuaji ni khatari, kwa sababu anayeulipa muhali huo hayumo chumbani. Anayeulipa ni mgonjwa, ambaye pengine bado hajaugua wala hajui kwamba jina lake linajadiliwa.

Basi tuzitazame kanuni zenyewe kwa jicho hilo, na tutaona kwamba kila moja ni kinga dhidi ya muhali.

Kwanza, mtahiniwa hutambulishwa kwa nambari katika karatasi zake za maandishi, si kwa jina. Msahihishaji haoni ukoo wala kabila wala kisiwa. Huona jibu tu.

Pili, watahini wa mdomo hawakai mmoja mmoja. Hukaa wawili, na desturi njema ni kwamba kila mmoja huandika alama zake kwanza ndipo wazungumze. Wakianza kuzungumza kabla ya kuandika, mwenye cheo kikubwa atamvuta mdogo, na mizani itakuwa na kitanga kimoja.

Tatu, mtahini mwenye uhusiano na mtahiniwa, wa damu au wa kazi, hana budi kulisema hilo mapema na kujitenga. Hapa ndipo umuhimu wa mtahini wa nje na wa chuo cha nchi nyingi unapodhihirika. Mpasuaji wa Zambia au wa Malawi anayemhoji kijana wa Pemba hamjui babake. Hatamwonea wala hatampendelea; atamuuliza tu afanye nini damu ikianza kutoka mahali asipopaona.

Nne, watahiniwa wote huulizwa mambo yaliyo sawa. Zamani mtihani wa udaktari ulitegemea sana bahati ya mgonjwa. Mmoja alipewa mgonjwa mwenye maradhi yaliyo wazi, mwingine akapewa mwenye maradhi yaliyojificha, kisha wawili hao wakalinganishwa kana kwamba wamepimwa kwa pishi moja. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza namna nyingine, ambayo sasa imeenea ulimwenguni kote: mtihani wa vituo. Mtahiniwa hupita kituo baada ya kituo, kengele ikilia huondoka, na katika kila kituo hukuta swali lile lile, dakika zile zile, na karatasi ya alama iliyoandaliwa kabla yake. Huu nao ni uadilifu, japokuwa umevaa nguo za saa na kengele.

Tano, katika mitihani mingi ya ubingwa alama nzuri za karatasi hazimwokoi aliyeanguka mbele ya mgonjwa. Kujua kitabu ni jambo moja, na kuupima uvimbe kwa mkono ni jambo jingine. Mwananchi wa Micheweni hatajali daktari wake alijibu maswali mangapi kwa maandishi.

Kuna na kanuni ya sita, ambayo aghalabu husahauliwa. Mgonjwa anayekubali kutumika katika mtihani ni mtu, si chombo. Hana budi kuelezwa kwa lugha anayoielewa, aridhie kwa hiari yake, asitiriwe, asiguswe mpaka maumivu na watahiniwa kumi mfululizo, na akikataa asinyimwe tiba yake. Daktari anayepimwa bila ya heshima ya mgonjwa hufunzwa siku ile ile kwamba heshima hiyo si lazima.

Wako watakaosema: hizi ni kanuni za kigeni. Tuwakumbushe historia. Kabla ya shule ya udaktari ya Dar es Salaam kuanzishwa mwaka 1963, vijana wa Tanganyika na wa Zanzibar waliotaka udaktari katika eneo hili walikwenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka 1924. Na aliyetaka ubingwa wa upasuaji aghalabu alivuka bahari akaketi mtihani wa London au wa Edinburgh, mtihani uliotungwa kwa hospitali za kule na kwa maradhi ya kule. Leo mpasuaji anaweza kufunzwa katika hospitali ya nchi yake, akatahiniwa na wapasuaji wa kanda yake, na shughuli zikaendeshwa kutoka ofisi iliyo chini ya Mlima Meru. Huu ni ukombozi. Lakini ukombozi huu una sharti lake: cheti chetu kitaheshimiwa kwa kadiri tunavyokiheshimu wenyewe. Tukikilegeza, tutakuwa tumewarudisha watoto wetu kule kule kuombea vyeti vya watu wengine.

Sasa tuwageukie waheshimiwa watendaji wa Serikali, kwani haifai kumdai mtahiniwa uadilifu huku sisi tukikwepa wajibu wetu. Katika Jamhuri yetu ya Muungano, elimu ya juu ni jambo la Muungano, lakini afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake ya afya na baraza lake la madaktari. Maana yake ni kwamba daktari wa Mnazi Mmoja anayesomea ubingwa Bara husimama katikati ya milango miwili. Mlango mmoja humtahini, mlango mwingine humwajiri na kumsajili. Milango hiyo isipozungumza, ni yeye atakayebanwa katikati.

Kwa hiyo tunasema hivi. Ruhusa ya masomo na ada za mtihani zitolewe kabla ya tarehe ya mwisho, si baada yake. Tarehe za mitihani hujulikana mapema, na haiwezekani kila mwaka zikawa ni jambo la kushtukiza. Hospitali inayotaka kufunza mabingwa ipewe mwalimu bingwa, dawa za usingizi na vyombo, kwa sababu daftari la upasuaji halijazwi kwa maneno. Kijana ambaye chumba chake cha upasuaji kilifungwa miezi sita hakushindwa na mtihani. Alishindwa na bohari. Mabingwa wetu wakubwa nao waruhusiwe kwenda kutahini nchi nyingine, maana mtahini wa nje ni mkopo unaolipwa kwa zamu: leo wanakuja kwetu, kesho twende kwao. Na matokeo yakitoka, ofisa yeyote asithubutu kupiga simu kumuulizia kijana wake. Cheo ni dhamana, na simu ya namna hiyo ni kukitumia cheo kuukata mkono wa mizani.

Kwa watahiniwa nao tuna neno. Aliyeanguka hakufedheheka. Kanuni humpa nafasi ya kurudia, na humpa njia ya rufani iwapo utaratibu ulikiukwa: muda ulipunjwa, karatasi ilipotea, mtahini alikuwa na uhusiano uliofichwa. Rufani ni haki, na ipelekwe kwa maandishi na kwa ushahidi. Lakini aghalabu rufani haikusudiwi kubishana na uamuzi wa kitaaluma wa watahini, wala si mahali pa kupeleka wazee wakaombe msamaha. Kupeleka wazee ni muhali umerudi kwa mlango wa nyuma.

Ndugu msomaji, siku moja wewe au mwanao mtalazwa juu ya meza, taa kubwa itawashwa, na mtu aliyefunika uso atainama juu yenu na kisu. Saa ile hamtaweza kumuuliza amefaulu vipi. Swali hilo lilikwisha kuulizwa kwa niaba yenu na watu wasiowajua, katika chumba ambacho hamkuwamo. Waacheni waliulize sawasawa, na walisikilize jibu bila ya kuona haya.